Kaswende yaua watoto tumboni: Serikali imelala, na wewe kijana umejificha!

Na Mwandishi Wetu

HEBU tuulizane, kijana mwenzangu. Penisilini ni dawa ya juzi? La hasha! Ilianza kutibu kaswende mwaka 1943. Wakati huo TANU ilikuwa bado miaka 11 izaliwe, na babu yako pengine alikuwa bado anachunga mbuzi. Leo imepita zaidi ya miaka 80, na bado kuna mtoto wa Kitanzania anayefia tumboni mwa mama yake kwa ugonjwa ambao sindano moja ingeumaliza. Nani ajibu?

Najua utakachosema. Utasema hayo ni mambo ya kliniki, mambo ya akina mama, na wewe umenunua gazeti usome habari za katiba, tume ya uchaguzi na vigogo waliokula fedha za umma. Basi kaa kitako, maana hii ndiyo siasa yenyewe. Hapa ndipo inapoonekana shilingi ya kodi yako imekwenda wapi na ilitakiwa iende wapi. Na usijichekee mapema ukidhani leo ni zamu ya Serikali peke yake kuchapwa. Kiboko hiki kina ncha mbili, na ncha ya pili ni yako.

IKOLA SI MBALI KAMA UNAVYODHANI

Chukua ramani ya Tanzania. Tafuta Ziwa Tanganyika, kisha shuka na mwambao wake mpaka Mkoa wa Katavi, ule uliokatwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Hapo utaikuta Ikola, jirani na Karema, katika wilaya ambayo siku hizi inaitwa Tanganyika lakini wazee bado wanaiita Mpanda. Kutoka Mpanda mjini ni safari ya zaidi ya kilometa 100. Ng'ambo ya maji ni Kongo.

Wewe uliyeketi kijiweni Manzese, Mwanjelwa au Kirumba unadhani huko ni mwisho wa dunia. Lakini migebuka na dagaa unaokula haviji kwa miujiza. Kuna mtu alikwenda kuvipakia. Nani? Kijana wa mjini! Dereva ni kijana wa mjini, utingo ni kijana wa mjini, mchuuzi wa dagaa, fundi wa injini za boti, kibarua wa barabara, wote ni vijana kama wewe. Pale Karema Serikali imejenga bandari kwa mabilioni ya shilingi ili mizigo ya Kongo ipite. Vizuri, hatupingi bandari. Lakini penye mizigo pana pesa, penye pesa pana gesti, na penye gesti hayo mengine huhitaji kufundishwa na gazeti.

Tuelewane. Sisemi watu wa Ikola wana ugonjwa kuliko watu wa Magomeni. Nasema Ikola ni njia panda, na kaswende ni msafiri anayependa njia panda. Inapanda lori Dar es Salaam, inapanda boti ziwani, inalala gesti Mpanda, inarudi nyumbani na wewe bila tiketi. Ukiiacha huko, umeiacha kwa binti wa mtu. Ukirudi nayo, umeileta kwa mke wako. Na kote kuwili, anayelipa gharama ya mwisho ni mtoto ambaye hajazaliwa.

Na hao mabinti wa Katavi ni akina nani? Utafiti wa Serikali yenyewe wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika mkoa huo, wasichana 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa tayari wamezaa au wana mimba. Ndio uliokuwa mkoa wa kwanza nchi nzima, wakati wastani wa Taifa ulikuwa 27. Msichana wa miaka 16 mwenye mimba ya aibu haendi kliniki mwezi wa tatu. Anajifunga khanga tumboni, anajificha, anakwenda mwezi wa saba au wa nane kama anakwenda kabisa. Muda huo kaswende imekwishafanya kazi yake.

MWIZI ASIYEVUNJA MLANGO

Tuufahamu ugonjwa wenyewe, maana adui usiyemjua humpigi. Kaswende huletwa na kijidudu chembamba kilichojisokota kama bisibisi. Wataalamu wawili wa Kijerumani, Schaudinn na Hoffmann, walikiona kwa hadubini mwaka 1905. Kikikuingia, kwa kawaida baada ya wiki kama tatu hutoka kidonda sehemu za siri. Kidonda hakiumi. Hapo ndipo mtego ulipo! Kisonono kinakuunguza ukikojoa, unakimbia hospitali. Kaswende inakuja kimya, kidonda kinakaa wiki kadhaa, kinapona chenyewe, na wewe unawasimulia washikaji kwamba ule unga wa mizizi wa mzee fulani ni kiboko. Hukupona. Mwizi ameingia ndani na kufunga mlango nyuma yake.

Baadaye unaweza kupata vipele mwilini, hata viganjani na kwenye nyayo, au homa kidogo. Navyo vinaondoka. Kisha kimya, miaka na miaka. Unacheza mpira, unabeba magunia, unaoa. Ndani ya damu mdudu yupo, na hatimaye anaweza kushika moyo, ubongo na macho yako.

Kwa mama mjamzito mdudu huyu hana subira. Anapita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto. Mimba inaharibika ikiwa imekwishakuwa kubwa, au mtoto anazaliwa mfu, au anazaliwa njiti, au anazaliwa hai lakini ini na bandama vimevimba, ngozi ya viganja inabambuka, pua inatoa mafua yenye damu, mifupa inamuuma kiasi kwamba akiguswa analia. Wengine huzaliwa wazuri, wanene, watu wanashangilia, kumbe miezi au miaka baadaye ndipo uziwi, upofu na meno yaliyolika vinajitokeza. Halafu mtaani tunasema amerogwa. Bibi wa watu anaitwa mchawi, kumbe mchawi ni kidonda kisichouma ambacho baba mtu alikisahau.

MWANZA ILISHASEMA, NANI ALISIKIA?

Usije ukasema hizi ni porojo za wapinzani. Ushahidi umetoka hapa hapa nchini, Mkoa wa Mwanza, na ulichapishwa mwaka 2002 dunia nzima ikasoma. Watafiti waliwafuatilia akina mama 380 waliokuja kujifungua bila kuwahi kupimwa kaswende. Wenye kaswende kali walikuwa 73. Kati yao, 18 walizaa watoto wafu. Ni mmoja katika kila wanne! Wasiokuwa na ugonjwa walikuwa 233, na waliozaa watoto wafu kati yao walikuwa watatu tu. Watafiti wakapiga hesabu, wakakuta kwamba kati ya watoto wote waliozaliwa wafu kwa akina mama wasiopimwa, nusu nzima walisababishwa na kaswende.

Soma tena, ndugu msomaji. Nusu! Wala sababu haikuwa mapenzi ya Mungu, au jicho la jirani, au mama kubeba ndoo za maji. Ilikuwa ugonjwa wenye kipimo na dawa.

Watafiti hao hao wakaangalia upande wa pili: akina mama waliopimwa kliniki, wakakutwa nao, wakachomwa sindano moja ya penisilini. Matokeo? Hatari yao ya kupoteza mtoto ikashuka mpaka ikawa sawa na ya wale wasiokuwa na ugonjwa kabisa. Gharama ya kumpima kila mama kliniki ilihesabiwa ikaonekana ni kama dola moja na nusu ya Marekani kwa bei za wakati ule. Ni bei ya chupa ya bia! Kigogo mmoja akikaa baa jioni moja na wapambe wake, amekunywa vipimo vya kijiji kizima.

Na huko nyuma, mwaka 1995, Mwanza hiyo hiyo ilikuwa imekwishatoa somo jingine: kuyatibu vizuri magonjwa ya zinaa katika vituo vya kawaida vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya UKIMWI kwa takriban asilimia 40. Dunia ilikuja kujifunza kwetu. Sisi wenyewe tuliweka vitabu kabatini, tukaenda kwenye semina, tukachukua posho.

Wakereketwa watasema mambo yamebadilika. Kweli, yamebadilika kiasi. Mwaka 2011 walipimwa wajawazito karibu 40,000 katika kliniki za nchi nzima, na waliokutwa na kaswende walikuwa kama wawili na nusu kati ya kila 100, tofauti na miaka ya nyuma ambapo hali ilikuwa mbaya zaidi. Lakini usidanganyike na udogo wa tarakimu. Nchi hii huzaa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Hata tukisema ni mama wawili tu kwa mia, ni akina mama 40,000 kila mwaka! Ni umati wa kujaza zaidi ya nusu ya Uwanja wa Taifa.

SINDANO RAHISI ISIYO NA MWENYEWE

Dawa yenyewe inaitwa benzathini penisilini. Dozi ni yuniti milioni 2.4, inachomwa matakoni. Kwa ugonjwa mpya inatosha mara moja. Kwa ugonjwa wa siku nyingi, au usiojulikana ulianza lini, ni mara tatu, wiki hadi wiki. Kwa mama mjamzito hakuna mbadala wa kuaminika, kwa sababu dawa hii ndiyo inayomfikia na mtoto ndani na kumtibu. Na ajabu ya Mungu, miaka yote hii mdudu wa kaswende hajajifunza kuishinda penisilini. Malaria imeishinda klorokwini. Kisonono kimeshinda dawa moja baada ya nyingine. Kaswende bado inapigwa na dawa ile ile ya enzi za babu.

Sasa kwa nini dawa nzuri namna hii inakosekana? Kwa sababu ni rahisi mno! Haina hakimiliki wala faida ya kunona, na viwanda duniani vinavyotengeneza malighafi yake vimebaki vichache vya kuhesabika vidoleni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba nchi na maeneo 39 yalikuwa yamepungukiwa dawa hiyo kati ya mwaka 2014 na 2016. Mfanyabiashara haoni faida kwa mtoto wa maskini. Hilo tunalielewa, ni mfanyabiashara. Lakini Serikali nayo ni mfanyabiashara? Kazi ya Serikali ni kununua mapema, kuweka akiba na kuhakikisha chupa inafika zahanati ya mwisho kabla ya mvua kukata barabara. Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria mwaka 1993 kwa kazi hiyo hiyo. Haikuundwa ili mganga wa zahanati amwambie mama, "Dawa imekwisha, kanunue duka la jirani."

Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, wakaahidi kwamba kila nchi itatenga asilimia 15 ya bajeti yake kwa afya. Tanzania ilikuwamo. Tangu hapo bajeti zimesomwa Dodoma moja baada ya nyingine, meza zimepigwa, na ahadi ya Abuja imebaki Abuja. Mashangingi yanapatikana. Posho zinapatikana. Mafuta ya misafara yanapatikana. Cha kukosekana ni kipimo cha mama wa Ikola!

Tena kuna mchezo mwingine wa kusikitisha. Kwa UKIMWI, wafadhili walimwaga fedha, na kila mjamzito akatobolewa kidole. Ni jambo jema, limeokoa watoto wengi. Lakini kaswende haikuwa na mfadhili wala tamasha, ikaachwa nyuma. Matokeo yake unaweza kumkuta mama amepimwa virusi, mtoto akakingwa na virusi, kisha mtoto huyo huyo akafa kwa kaswende! Na siku hizi kipo kipimo kimoja chenye majibu mawili: tone moja la damu ya kidole, dakika kama ishirini, unapata jibu la virusi na la kaswende, bila umeme wala mashine. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 kwamba nchi zikitumie kwa wajawazito. Palipo na kipimo cha kwanza, cha pili kingekuwa ndani yake. Zahanati inayompa mama jibu la virusi na kumnyima la kaswende inajitetea kwa lipi?

Usisahau na vikwazo vya kienyeji. Huduma ya wajawazito imeandikwa kuwa ni bure. Nenda kamuulize dada yako: aliambiwa aje na nini? Glovu, pamba, wembe na vinginevyo. Na kama hana mume wa kuongozana naye kliniki siku ya kwanza, sehemu nyingi ameambiwa akalete barua ya mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa! Walitaka kuwaleta wanaume kliniki, wakaishia kuwafukuza wanawake. Binti aliyekimbiwa na baba mtoto, yule yule mwenye hatari kubwa kuliko wote, ndiye anayerudishwa nyumbani. Akili hiyo imetoka wapi?

WALIOFICHA NA WALIOSAHAU

Huko Marekani, katika mji wa Tuskegee, Alabama, idara ya afya ya serikali ilianza mwaka 1932 kuwatazama wanaume weusi maskini, 399 kati yao wakiwa na kaswende, ili kuona ugonjwa utawafikisha wapi usipotibiwa. Penisilini ilipopatikana, hawakupewa. Waliachwa wafe mpaka mwaka 1972 magazeti yalipofichua. Mwaka 1997 Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa lake.

Sisemi Serikali yetu inafanya unyama wa Tuskegee. Kule dawa ilifichwa kwa makusudi, hapa inasahauliwa kwa uzembe. Lakini mtoto aliyekwisha kufa hawezi kutofautisha aliyemnyima kwa makusudi na aliyemsahau. Na kule angalau mtu mmoja alisimama akaomba radhi. Hapa nani amewahi kusimama?

SASA ZAMU YAKO, KIJANA

Umepiga makofi mpaka hapa. Sasa tulia. Mama akipimwa leo, akachomwa sindano leo, akarudi nyumbani leo, anamkuta nani? Wewe! Na wewe hujapimwa. Kaswende haina kinga ya kudumu, ukipona unaweza kuambukizwa upya. Wiki ijayo umempa tena. Mtoto aliyeokolewa na nesi asubuhi umemrudisha kaburini usiku. Serikali inaweza kuleta lori zima la penisilini Ikola, lakini wewe ukibaki umejificha nyuma ya mlango, lori hilo linamwaga maji mchangani.

Visingizio vyako tunavijua vyote.

Unasema, "Mke wangu amepimwa ni mzima, basi na mimi mzima." Nani alikuambia damu inapimwa kwa uwakilishi kama ubunge? Yeye anaweza kuwa salama leo na wewe ukamletea kesho.

Unasema, "Nilimeza rangi mbili." Zile kapsuli ulizonunua nne nne duka la dawa, bila kipimo, bila dozi, zimekupunguzia woga tu. Hazikukupa cheti cha uzima.

Unasema, "Siumwi popote." Tumekwisha kukueleza: huyu ni mwizi asiyevunja mlango.

Unasema, "Kliniki ni mambo ya wanawake, nitachekwa." Wewe ni mwanaume wa namna gani unayeogopa benchi? Unajigamba kijiweni kwamba polisi wa kutuliza ghasia hawakutishi, mabomu ya machozi umeyazoea, lakini nesi mwenye sindano unamkimbia!

Nairobi walijaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kliniki za halmashauri ya jiji, manesi walianza kupima akina mama na kuwatibu siku hiyo hiyo, badala ya kupeleka damu maabara ya mbali na kusubiri majibu. Walipimwa wanawake zaidi ya 13,000. Kati ya waliokutwa na ugonjwa, karibu tisa kwa kila kumi walitibiwa. Na waume wao? Nusu tu ndio waliofika kutibiwa. Nusu! Tunajua nusu nyingine ilikuwa wapi: ilikuwa kijiweni, inazungumza siasa.

Ndiyo maana tunakuambia kwamba mapinduzi yanaanzia mfukoni na suruali ikiwamo. Kijana anayetaka Serikali iwajibike ilhali yeye mwenyewe hawajibiki kwa tone la damu yake ni sawa na nyani asiyeona kundule. Ukisafiri kutafuta riziki, iwe Ikola, Tunduma au Kariakoo, kondomu ni nafuu kuliko jeneza dogo. Ukiwa na shaka, pima. Ukikutwa nayo, maliza dozi na uwataje uliolala nao ili nao watibiwe, hata kama mmoja ni wa nyumba ndogo. Aibu ya siku moja haijaua mtu. Kaswende imeua.

WENZETU WAMEWEZA KWA NINI SISI TUSHINDWE?

Kuna watakaosema sisi ni nchi maskini. Wimbo huo umechakaa. Cuba ni kisiwa kilichofungiwa biashara na Marekani tangu miaka ya 1960. Tarehe 30 Juni 2015 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kuwa nchi ya kwanza duniani kutokomeza maambukizi ya virusi vya UKIMWI na kaswende kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Mwaka uliofuata ikaingia Thailand. Mwaka 2019 ikaingia Sri Lanka. Hawakuwa na uchawi. Walimpima kila mama mapema, walimtibu siku hiyo hiyo, walimtafuta mwenzi wake, na walihakikisha dawa haikauki. Basi!

Tena mwambao huu wa Ikola na Karema una historia ya kumtia haya waziri yeyote. Adrien Atiman, mtu wa Afrika Magharibi aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari na kusomeshwa udaktari Malta, alifika Karema mwaka 1889. Alitibu watu wa ukanda huo mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka zaidi ya 60! Sehemu kubwa ya maisha yake penisilini haikuwapo, barabara haikuwapo, simu ya mkononi hakuna aliyeiota. Aliyekuwa mtumwa alibaki na watu. Sisi tulio huru tangu mwaka 1961, wenye wizara, makatibu wakuu, kompyuta na magari ya kupanda milima, tunashindwa kufikisha chupa moja ya unga mweupe?

TUFANYE NINI?

Tusilie tu, maana kulia ni kazi ya waliokata tamaa. Kwanza, nenda kapime wiki hii. Usisubiri mimba ya mkeo, usisubiri kidonda. Ukiwa na mke au mchumba mwenye mimba, ongozana naye kliniki mapema, katika miezi mitatu ya kwanza. Sindano inatakiwa imfikie angalau siku 30 kabla ya kujifungua ili mtoto awe salama kwa uhakika. Mtoto akizaliwa na mama ambaye hakutibiwa, apimwe naye na atibiwe papo hapo.

Pili, ukifika kituo cha afya, iwe cha mjini kwako au huko unakopeleka lori, uliza kwa sauti ya heshima lakini isiyotetemeka: Kipimo cha kaswende kipo leo? Benzathini ipo leo? Mara ya mwisho ilikwisha lini, na mlikaa siku ngapi bila? Usimgombeze nesi. Naye ni mlalahoi kama wewe, anafanya kazi ya watu watatu kwa mshahara wa nusu mtu. Majibu yapeleke kwa mjumbe wa kamati ya afya ya kituo, kwa diwani, na kwa mkutano mkuu wa kijiji au mtaa. Mapato na matumizi ya umma yanatakiwa kusomwa mbele yako. Dai na hesabu ya dawa isomwe pia.

Tatu, wakija kuomba kura na fulana, khanga na sahani ya pilau, pokea fulana ukipenda, lakini uliza swali moja: katika kata hii, mwaka uliopita, watoto wangapi walizaliwa wafu, na mama zao wangapi walikuwa wamepimwa kaswende? Atakayebabaika jukwaani, huyo hajui idadi ya watu anaotaka kuwatawala. Na sisi wa upinzani tusijitoe. Mgombea wetu akibabaika, naye mzomeeni! Chama kinachotaka Ikulu lazima kijue zahanati ya Ikola ina chupa ngapi.

Barua ya mwenyekiti ifutwe. Kipimo cha pamoja kiwepo kila palipo na kliniki. Akiba ya dawa ikae wilayani kabla ya masika. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji katiba mpya wala mkopo wa Benki ya Dunia. Linahitaji Serikali inayoona haya.

Kichanga hakina kadi ya chama. Hakipigi kura, hakiandamani, hakisomi gazeti, na baba yake akinyamaza hakina msemaji mwingine. Kwa hiyo simama, kijana. Kunja mkono wa shati, mpe nesi kidole, kisha nenda na mkono huo huo ukawanyooshee kidole waliokabidhiwa dawa yetu. Anayeogopa la kwanza hana haki ya kufanya la pili!